Nyuma ya Sikio la Kushoto

Rispah Nasike hakupaka kitu chochote usoni kabla ya kukijaribu nyuma ya sikio la kushoto. Alichovya ncha ya kidole, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani, akapaka tone dogo pale nywele zinapoanzia, kisha akangoja mpaka kesho yake. Kungoja saa moja hakukumtosha, wala kungoja mpaka jioni. Alifanya hivyo kwa sabuni mpya, kwa mafuta ya nazi aliyoletewa zawadi, hata kwa chupa ya mafuta ambayo mhubiri mmoja alikuwa akiuza nje ya soko la Kitale akisema yameombewa.

"Hata kama yameombewa," alimwambia mhubiri, "sikio langu halijaokoka. Rudi kesho."

Chelagat alikuwa ameizoea tabia hiyo. Kwa miaka mingi wanawake hao wawili walikodi chumba kimoja karibu na soko, Rispah akishona sketi na kaptula za shule upande wa dirisha, Chelagat akifuma sweta kwa mashine upande wa mlango. Mtoto aliingia hapo mwezi wa Januari na nguo za nyumbani, akatoka mwanafunzi kamili. Chelagat alikuwa wa Kapsokwony, huko mlimani ambako pikipiki hupanda zikilia kama mbuzi wanaopelekwa kuchinjwa. Rispah alikuwa Mbukusu wa Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma. Kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, na katikati yao kulikuwa na Kiswahili chenye viraka, kilichowatosha kwa ugomvi na kwa maombi.

Watu wengine walidhani tabia ile ya sikio ni ushirikina. Chelagat hakudhani hivyo, kwa sababu aliuona uso wa mwenzake kila siku kwa mwanga wa mlangoni. Alama mbili nyeusi zilishuka kutoka mashavuni hadi kwenye taya, moja kila upande, kana kwamba mtu aliyetoka kusugua masufuria alimshika uso kwa mikono yenye masizi akasahau kumwachilia. Ngozi ya hapo ilikuwa ngumu, na baridi ya Julai ilipokuja ilipasukapasuka kama udongo wa tofali. Wateja wapya waliiangalia, kisha wakajifanya wanaangalia tepu ya kupimia. Rispah aliwasaidia.

"Maliza kuangalia," alisema, "halafu tupime kiuno."

Alama zile zilikuwa na mwenyewe. Jina lake Nelima, mke wa Mukhisa, na Mukhisa ni kaka yake Rispah, kaka wa pekee.

Wakati huo Rispah alikuwa msichana, mchumba wa Wamalwa, kijana aliyekuwa na kazi katika kiwanda cha karatasi kule Webuye. Nelima alikuwa amefungua duka la vipodozi mjini Bungoma, na nyuma ya kaunta alikuwa na kazi nyingine, kuchanganya. Alichota krimu hii kijiko, ile kijiko, akadondoshea kitu kutoka kwenye chupa ndogo, akakoroga, akatia katika vikopo vyeupe visivyo na jina. Vifuniko vilikuwa vyekundu. Bungoma nzima ilijua kwamba kikopo cha kifuniko chekundu kimetoka kwa Nelima. Harusi ilipokaribia, alimpa wifi yake kimoja.

"Paka hii," alimwambia. "Siku hiyo utang'aa mpaka mchungaji asahau maneno."

Rispah alipaka uso mzima jioni moja akalala. Aliamka uso ukiwaka kama uliomwagiwa uji wa moto. Baada ya siku chache ngozi ilitoka vipande, na ile iliyoota mahali pake ikaota nyeusi. Harusi iliahirishwa. Watu wa Wamalwa walikuja kuona, wakauliza, kama watu wanavyouliza wakitaka kuambiwa jambo litakalowapa ruhusa ya kuondoka. Nelima ndiye aliyewajibu, mbele ya ukoo mzima.

"Mimi nilimpa mafuta ya watoto tu," alisema. "Kama alienda kununua vitu vya kujichubua, hiyo ni yake. Wasichana wa siku hizi hawatosheki na rangi waliyopewa na Mungu."

Waliamini. Nelima alikuwa mke wa boma, amezaa, ana duka. Rispah alikuwa msichana mwenye uso unaotoa maji. Hata mama yake mzazi, Mama Tabitha, aliamini, akamwombea mbele ya kanisa kwa ajili ya dhambi ya kujipenda, na maombi yale yalimchoma Rispah kuliko krimu. Mwaka uliofuata Wamalwa alioa msichana wa Webuye. Rispah alifunga cherehani yake kwa kamba akahamia Kitale, na kile kikopo akakibeba.

Kilikaa kwenye rafu, kati ya makopo ya vifungo na ya zipu, kifuniko chake kikififia taratibu. Siku moja, alipokuwa akipangusa vumbi, Chelagat aliuliza kama akitupe.

"Utupe nini?" Rispah aliruka. "Hicho ni shahidi wangu. Shahidi hatupwi kabla kesi haijasikizwa."

"Kesi ya miaka yote hiyo, bado unataka nini kwake? Akulipe?"

"Anilipe na nini, na uso wake? Sitaki hata duka lake lifungwe. Nataka aseme. Mbele ya wale wale waliomsikia, na mama yangu akiwa bado ana masikio. Neno moja tu: ni mimi. Halafu mimi nikae nikimtazama akilisema."

Aliposema hivyo hakupandisha sauti. Alilamba ncha ya uzi akautia kwenye tundu la sindano mara ya kwanza tu. Chelagat, ambaye alikuwa amesamehe watu wengi maishani kwa sababu ya kuchoka, alimwonea rafiki yake wivu kidogo na huruma nyingi. Yeye hakuwahi kuwa na nguvu ya kuchukia mtu mmoja kwa muda mrefu hivyo. Ni kazi, aliwaza. Ni kama kufuga ng'ombe, lazima umlishe kila siku, hata Krismasi.

*

Mwanzoni mwa mwaka mmoja, msimu wa sare ukiwa umeanza kupoa, msichana mrefu alisimama mlangoni akiwa na soda mbili za baridi.

"Senge," alisema. Wabukusu humwita hivyo shangazi, dada ya baba.

Alikuwa Nakhungu, binti wa kwanza wa Nelima. Rispah alikuwa amemwona mara chache sana, mazishini na kwenye harusi za watu, lakini damu ya Mukhisa ilikuwa imeandikwa kwenye paji lile la uso. Msichana aliketi kwenye kiti cha wateja akaeleza. Anaolewa Agosti. Na kama wote walivyojua, katika boma la Mama Tabitha msichana hatoki kwenda kuolewa kabla senge wake hajamkalisha kwenye kigoda, mbele ya wanawake wa nyumbani, akampaka mafuta usoni na mikononi. Zamani yalikuwa samli. Siku hizi ni mafuta yoyote, mradi mkono uwe wa senge. Na Mukhisa alikuwa na dada mmoja tu.

"Mama yako amekutuma ama umejituma?" Rispah aliuliza bila kuacha kukata kitambaa.

"Nimejituma. Mama alisema watatafuta senge mwingine kwa ukoo. Kukhu akakataa. Akasema senge si sufuria, hakopwi kwa jirani."

Chelagat alicheka. Kukhu ni nyanya, na nyanya huyo alikuwa Mama Tabitha.

"Na wewe unasema nini?"

"Mimi nakutaka wewe." Msichana aliizungusha chupa yake mikononi. "Najua hampatani na mama. Nikimwuliza ni nini, anasema uliharibu uso wako mwenyewe halafu ukatafuta mtu wa kulaumu."

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Bado anasema hivyo?"

"Bado, Senge."

Mkasi uliendelea tena, polepole, ukifuata mstari wa chaki. "Nitakuja," Rispah alisema. "Mwambie mama yako nitakuja. Na mafuta nitakuja nayo mimi."

Nakhungu alimkumbatia, akaondoka akiwa na furaha. Chelagat aliliona jicho la rafiki yake likipanda rafuni, likatulia kati ya vifungo na zipu. Akamgeukia, akamkazia macho.

"Mama Bethwel," Rispah alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "usiniangalie hivyo."

"Nakuangalia aje?"

"Kama askari wa kanjo anayetafuta leseni."

*

Mei, baridi ilipoanza kushuka kutoka mlimani, Rispah alimwambia Chelagat avae sweta waende kwenye kemisti, kule kunakouzwa dawa. Hiyo ilikuwa habari. Tangu yale mambo, Rispah alikuwa anapaka uso mafuta ya mgando tu, na hayo yaliukalia uso juu kama mafuta ya supu iliyolala.

Nyuma ya kaunta kulikuwa na msichana mwenye kucha za kijani.

"Niaje, mathe. Nikusaidie na nini?"

"Nataka losheni ya uso. Ile ya bei ya chini kabisa."

Msichana alimwangalia, akaangalia pembeni, akajitia ujasiri. "Ya kutoa madoa?"

"Nimesema kutoa? Nataka ya kulainisha. Madoa niachie, nina kazi nayo."

"Ai, mathe, wewe ni moto!" Msichana alicheka mpaka akashika kaunta, kisha akainama akatoa tyubu nyeupe isiyo na picha ya mwanamke mrembo wala ua. "Basi chukua hii. Haina harufu, haina rangi, haina maneno mengi. Lakini inaenda sana. Mpaka manesi wanaichukua."

"Ikinichoma, nitarudi nikupake wewe."

"Rudi tu. Mimi mwenyewe ndiyo napaka."

Bei yake ilikuwa ya watu wa kawaida, haifiki hata ya kuku wa kienyeji. Walirudi kwenye chumba chao cha kushonea na Rispah akaiweka tyubu juu ya cherehani akaisoma yote, hata maneno madogo ya pembeni. Halafu kidole, sikio la kushoto, na kungoja. Kesho yake alimpa Chelagat mgongo.

"Angalia. Kumekuwa kwekundu?"

"Kuko vile Mungu aliacha."

Hata hapo hakupaka uso mzima. Alifanya kama alivyofanya na kitambaa kigeni, kwa maana fundi wa sare hakati jora kabla ya kuloweka kipande kimoja aone kama kitajikunja. Alipaka shavu la kushoto tu, asubuhi na jioni, la kulia akaliacha hivyo hivyo kwenye upepo. Losheni ilikuwa nyepesi kama maziwa yaliyoongezwa maji, ikaingia ndani bila kuacha mng'ao, na mara ya kwanza Rispah alilalamika kwamba ameibiwa, kwa sababu haonekani amepaka kitu. Lakini aliendelea. Asubuhi moja ya umande mzito, Chelagat akiwa anaanza mkono wa sweta, Rispah alivuta kiti karibu naye.

"Gusa."

Katika miaka yao yote Rispah hakuwa amemruhusu mtu kuugusa uso ule. Chelagat alipangusa mkono kwenye aproni, akagusa upande wa kulia. Tofali. Akagusa upande wa kushoto, akauacha mkono hapo muda mrefu kuliko alivyokusudia. Alama ilikuwa palepale, nyeusi vilevile, lakini chini ya vidole ngozi ililegea kama sikio la ndama.

"Kumbe!" alisema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe ulikuwa na uso huko chini."

Walicheka mpaka mteja akachungulia kuona kuna nini. Tangu siku hiyo Rispah alipaka pande zote mbili. Hakujikuna tena akishona, na mara nyingine aliimba nyimbo za kanisa, sauti ya pili, akijiacha katikati ya beti. Chelagat akaanza kutumaini kwamba kinachoingia kwenye ngozi huenda kinaendelea kushuka, kikafika pale kikopo kilipokuwa kimeugandisha moyo.

Alikosea.

"Unajua kwa nini natafuta ilainike?" Rispah alimwambia siku moja, akijitazama kwenye kioo cha wateja. "Mtu akijikuna mbele ya adui, adui anadhani ni aibu. Nataka nisimame pale mbele ya Nelima na uso usiowasha, alama zake zote zikiwa juu, azisome vizuri kutoka mwanzo mpaka mwisho."

Siku ya kufunga safari ya Bungoma, Chelagat aliangalia rafuni. Kati ya vifungo na zipu palikuwa na duara la vumbi, na katikati ya duara hapakuwa na kitu. Kikopo kilikuwa ndani ya mkoba wa Rispah, kimefungwa kwa leso.

"Rispah." Chelagat aliushika mkanda wa mkoba. "Kwani utampaka mtoto wa watu hiyo kitu?"

"Mtoto wa watu wapi? Ni mtoto wa kaka yangu."

"Ndiyo maana nauliza!"

"Wewe twende uone. Nimekubeba uwe shahidi."

Chelagat alienda. Lakini alienda akiwa ameamua jambo lake: kikopo kile kikikaribia uso wa msichana, atakipiga kianguke, na kama urafiki utaanguka nacho, uanguke.

*

Boma la Mukhisa liko Kanduyi, karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba siku ya mechi unasikia kelele za uwanjani ukiwa umeketi sebuleni. Asubuhi hiyo kelele zilikuwa za nyumbani: sufuria, jogoo waliobakia, mtu akijaribu kipaza sauti, "moja mbili, moja mbili." Wanawake wa ukoo walikuwa wamejaa sebuleni, wengi wao wale wale wa siku ile, sasa wakiwa na mvi na miguu inayouma. Mama Tabitha alikaa kwenye kochi katikati, mdogo kama mtoto, masikio yake yakiwa bado yanafanya kazi. Nakhungu alikuwa kwenye kigoda, kanga mabegani, uso mtupu, akingoja.

Nelima aliwapokea mlangoni. Alikuwa amenenepa vizuri, poda imekaa sawasawa.

"Karibu, wifi. Umepotea."

"Sikupotea. Njia nilikuwa naijua."

Nelima alicheka kidogo akatafuta mtu wa kucheka naye. Rispah alimpita, akawasalimia wanawake kwa mkono mmoja mmoja, akiwakaribia karibu kabisa ili wamwone. Kisha akasimama mbele ya kigoda, akafungua mkoba, akaifungua leso.

Kifuniko kilikuwa kimefifia, lakini kilikuwa bado chekundu.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwanamke mmoja alisema "Hee," kwa sauti ya chini, na chumba kikanyamaza mpaka ikasikika "moja mbili" ya nje. Rispah alikifungua. Chelagat alijisogeza mbele, mkono ukiwa tayari.

"Mafuta ya bibi harusi," Rispah alisema. "Ni ya hapa hapa nyumbani. Nilipewa na wifi yangu wakati wa harusi yangu mimi, nikayahifadhi vizuri. Alisema ni ya watoto. Sasa mtoto ndiye huyu."

"Rispah, wacha mchezo," Nelima alisema.

"Mchezo uko wapi? Lakini mimi nina desturi yangu, kila mtu Kitale anaijua. Mafuta hayapakwi mtu kabla ya kujaribiwa. Siwezi kumjaribu mtoto wa watu. Njoo wewe, mama yake. Leta uso."

Nelima hakusogea.

"Kidogo tu, hapo shavuni. Si ni ya watoto?"

"Hayo ni ya zamani. Yameharibika."

"Yalichoma yakiwa mapya. Leta uso, wifi, wageni watafika."

"Mama," Nakhungu aliita kutoka kwenye kigoda. "Si upakwe tu tumalize?"

Nelima alimtazama binti yake, kisha akatazama kile kidole cha Rispah kilichokuwa kimechovywa tayari, cheupe kwenye ncha. Kidole kilisogea. Nelima aliruka nyuma akagonga kabati la vyombo, mikono yote miwili usoni.

"Hapana! Usiniguse na hiyo kitu! Wewe hujui iko na nini!"

"Sijui," Rispah alisema. "Wewe ndiyo unajua. Waambie."

Mama Tabitha aliinua fimbo yake kidogo kutoka sakafuni. "Nerima," alisema, kwa ulimi wake wa kizamani unaochanganya herufi, "usinirete mambo ya kuzunguka. Kama ni mafuta ya watoto, mpe shavu. Kama si ya watoto, sema mimi nikiwa hai."

Nelima aliteremka taratibu hadi akakaa sakafuni, nguo yake mpya ikimkunjamania, akasema akiwa ameufunika uso. Kwamba aliweka dawa ya kuchubua. Kwamba aliweka nyingi kwa sababu alitaka wifi yake ang'ae haraka, watu waulize amepaka nini, waje dukani. Kwamba hakujua kipimo. Kwamba watu wa Wamalwa walipouliza, aliogopa, na uongo ulikuwa karibu kuliko ukweli.

"Maliza," Rispah alisema.

"Ni mimi. Rispah hakujichubua. Ni mimi."

Rispah alimtazama akilisema. Hakupepesa jicho. Chelagat, aliyekuwa karibu, aliona kwamba hata hakupumua, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu na hataki kutoa kikombe mdomoni. Kwenye kochi Mama Tabitha alikuwa analia bila sauti, mdomo wazi.

Ndipo Rispah akachota kwa vidole viwili kutoka kwenye kikopo akajipaka uso mzima, kutoka paji hadi kidevu, juu ya alama zote mbili. Mwanamke mmoja alipiga kelele.

"Nyamazeni," alisema. "Ni losheni ya kemisti. Kile kikopo nilikikwangua nikakichemsha wiki iliyopita. Hii hata nesi anapaka." Akainama kumwelekea Nelima pale sakafuni, uso wake laini ukiwa karibu na ule wenye poda iliyochuruzika. "Umekimbia kitu kisichofika hata bei ya kuku, wifi. Mimi sikukushika. Umejishika."

Kisha akampaka bibi harusi. Alimpaka kwa upole, uso na mikono, akamwombea kwa Kibukusu, na wanawake wakapiga vigelegele vilivyochelewa kuanza. Nakhungu alikaa wima. Machozi yalishuka yakachanganyika na losheni, na macho yake hayakuwa kwa senge wala kwa wageni. Yalikuwa kwa mama yake, yakimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mgeni.

Hilo Chelagat alirudi nalo Kitale. Jumatatu, wakiwa kazini, alishindwa kunyamaza.

"Ulimchukulia yule mtoto siku yake."

Rispah alizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, taratibu. "Mimi pia nilikuwa na siku," alisema.

Chelagat aliuliza tena. "Na kama Nelima angeleta shavu?"

"Ningempaka losheni, angelainika, na mimi ningebaki muongo mpaka kufa." Rispah alivunja uzi kwa meno. "Lakini nilijua hataleta. Aliyepika ndiye anajua sumu iko sufuria gani."

*

Mama Tabitha alikuja Kitale mwaka huohuo, akakaa wiki nzima kwenye kiti cha wateja, akimshika Rispah uso kila mara alipoinama. Mukhisa alituma gunia la mahindi. Nelima aliacha kuchanganya, akauza nguo za watoto. Kila Krismasi alituma salamu, na kila mara Rispah alimwambia aliyeleta, "Nimesikia," akaendelea kushona. Kikopo kilirudi rafuni, sasa kikiwa na pini ndani.

Miaka michache baadaye, kipindi cha mvua ndefu, moyo wa Rispah ulianza kuchoka. Alilazwa hospitalini hapo Kitale, na Chelagat akawa anafunga mashine mchana kwenda kumwona. Hewa ya wodi ilikausha ngozi, kwa hiyo alibeba tyubu ile nyeupe, akampaka uso taratibu wakiongea mambo ya wateja wasiolipia sweta.

Alasiri moja Nelima aliingia. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na kijaluba cha kioo ndani ya boksi la rangi ya dhahabu, krimu ya bei kubwa kutoka Eldoret.

"Wifi," alisema, "nimekuletea ya maana. Hii ya kemisti ni ya kila mtu."

Rispah aligeukia ukutani.

Nelima aliliweka boksi kitandani. Kisha akalifungua, akachana karatasi iliyofunika krimu ili wote waone ilikuwa mpya. Akachovya ncha ya kidole, akainamisha kichwa, akajipaka nyuma ya sikio la kushoto.

"Nakhungu aliniambia ndivyo unavyofanya," alisema. "Hainiwashi, wifi. Nikupake?"

Rispah aligeuka. Alilitazama lile tone linalong'aa nyuma ya sikio la Nelima, akalitazama kwa utulivu wa fundi anayekagua pindo la mtu mwingine, na kwenye pembe ya mdomo wake kitu kikacheza ambacho Chelagat hakuweza kukipa jina, si siku hiyo wala baadaye. Kengele ya kuwatoa wageni ililia. Kabla jua halijachomoza hospitali ingempigia Chelagat simu ya msiba, lakini hayo bado hakuyajua. Alikuwa anakusanya kikombe na shuka, na Rispah, ambaye hakumsemesha Nelima hata neno, alimvuta yeye kwa ukingo wa sweta.

"Mama Bethwel," alisema, "mwambie angoje mpaka kesho."